John Barnes mmemfanya picha ya ndizi, na mimi nimechoka

Wakuu, nimevumilia wiki nzima, leo povu linatoka. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kikosi bora cha Liverpool cha muda wote, maana ule ndio ulionipandisha presha.

Kule nimekuta kurasa kwa kurasa watu wanagombania nani asimame winga ya kushoto. Mané, Luis Díaz, mmoja kamtaja hadi Coutinho, ambaye kwangu mimi hata winga hakuwa. Nikamtaja John Barnes, winga wa kushoto mweusi aliyetua Liverpool 1987. Wa kwanza kunijibu akabandika ile picha ya ndizi na kuandika "heshima kwa lejendi". Wa pili akauliza ana asisti ngapi. Wa tatu, mtoto wa elfu mbili bila shaka, akasema "huyo si yule mzee mchambuzi wa kwenye TV?" Nikazima simu. Nikaiwasha tena, maana hasira hazizimiki na simu.

Nianze na picha, kwa kuwa ndiyo inayoniuma zaidi. Wote mnaijua. Goodison Park, Februari 1988, raundi ya tano ya Kombe la FA, dabi dhidi ya Everton. Mtu katupa ndizi kutoka jukwaani kumkejeli kwa weusi wake, Barnes kaisukuma nje kwa kisigino bila hata kuiangalia mara mbili, kama unavyosogeza kandambili iliyokukalia mlangoni. Picha kali, sina ugomvi na aliyeipiga.

Sasa niambieni, mechi ile iliishaje?

Kimya. Picha mnaisambaza kila mwaka, na siku ile mnaijua kwa ndizi tu. Iliisha 1-0, Liverpool wakasonga mbele. Bao la Ray Houghton, kwa kichwa. Na krosi iliyomkuta Houghton ilitoka kwa nani? Kwa huyo huyo wa ndizi. Yaani mechi ile ile, mbele ya watu wale wale waliomzomea tangu anaingia uwanjani, mtu akaenda zake kushoto, akamimina majalo, wenyeji wakaaga kombe wakiwa kwao. Lile ndilo lilikuwa jibu lake. Kisigino kilikuwa usafi wa uwanja tu. Nyinyi mmechukua usafi mkaacha krosi.

Msinielewe vibaya. Sisemi ubaguzi ule usikumbukwe. Mtu aliyeifungia Uingereza bao lile dhidi ya Brazil kwao, uwanja wa Maracanã, mwezi Juni 1984 akiwa na miaka 20, akapanda ndege na wenzake, humo ndani kukawa na mashabiki wa Uingereza wa kundi la kibaguzi wakisema mechi ilikuwa 1-0 na si 2-0 kwa sababu bao la mweusi halihesabiki, huyo ana haki ya kusimuliwa. Asimuliwe hata kesho. Lakini bao lenyewe mmeliangalia? Kautuliza kwa kifua upande wa kushoto, kaingia ndani, mabeki wa Brazil wanakuja mmoja mmoja na yeye anawaacha mmoja mmoja, mwisho kampita hadi kipa, kasukuma mpira wavuni taratibu. Maracanã hiyo, mbele ya Wabrazil, watu walioamini chenga ni mali yao. Ukisimulia ndege bila kusimulia bao, umewasaidia wale wale wa kwenye ndege kulifuta.

Haya, twende kwenye mpira, maana huko ndiko mnakokwepa.

Mimi Anfield ya 1987 sikuwepo. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kanda ya video ya msimu wa 1987/88, tuliicheza mpaka ikachakaa. Na ilichakaa mahali pamoja. Ukifika mechi ya QPR (Queens Park Rangers, klabu ya London) ya Oktoba 1987, picha inaanza kuruka na mistari myeupe inapita, kwa sababu hapo ndipo tulikuwa tunarudisha nyuma, tunaangalia, tunarudisha tena. QPR walikuja Anfield wakiwa vinara wa ligi, msidhani walikuwa vibonde. Wakala nne bila. Barnes mawili.

La pili lake ndilo lililoua kanda yetu. Anampora mtu mpira karibu na mstari wa katikati, anaanza kukimbia. Hakimbii kama hawa wa siku hizi wanaokimbia kama wameachwa na basi. Anakimbia mpira ukiwa umelala kabisa mguuni, kiwiliwili kimeinama kidogo mbele, na ana mwili mzito ule, mapaja kama ya mwanandondi. Beki wa kwanza anasubiri aende kushoto, kwa sababu dunia nzima inajua ni wa kushoto. Anaenda kulia. Wa pili anaziba kulia, anarudi kushoto. Hakuna mbwembwe za kuzungusha miguu juu ya mpira. Ni bega tu. Bega linadondoka upande huu, beki anaenda na bega, mpira unabaki. Halafu anampitishia David Seaman, kipa wao, pembeni kwa utulivu wa mtu anayetia barua kwenye sanduku. Kaka yangu alikuwa anasema "tazama bega, usitazame mpira", na mpaka leo nikiangalia winga yeyote natazama bega kwanza. Wengi hawana.

Aprili 1988, Nottingham Forest, tano bila. Hii nayo mkaitafute. Forest wakati ule walikuwa timu ya juu kabisa, si kichaka cha kujificha. Kuna mpira mmoja Barnes yuko kushoto kule kwenye kona, amebanwa, mahali ambapo winga wa leo anarudisha pasi kwa beki wake na kocha anampigia makofi kwa "kutunza umiliki". Barnes kampiga beki tobo, kaibukia upande wa pili, kamtengea mwenzake Peter Beardsley, bao. Hata Tom Finney, nyota wa zamani wa Uingereza, alisema hajawahi kuona soka la namna ile. Mnataka niseme nini tena?

Alinunuliwa kutoka Watford kwa pauni 900,000. Beardsley kiangazi hicho hicho alikuja kwa milioni 1.9, hivyo Barnes hakuwa hata usajili wa bei kubwa wa mwaka huo. Ian Rush, mfungaji wao mkuu, alikuwa ameondoka kwenda Juventus na kila mtu akasema timu imekwisha. Ikacheza mechi 29 za mwanzo za ligi bila kupoteza, ikachukua ubingwa. Barnes akafunga 15 kwenye ligi akitokea pembeni, akachukua tuzo ya mchezaji bora ya wachezaji wenzake na ya waandishi. Ya waandishi akairudia 1990, mwaka aliofunga mabao 22 ya ligi na Liverpool wakabeba taji ambalo halikurudi tena hadi 2020. Miaka 30! Nyie mliolilia lile taji la Klopp mpaka mkapoteza sauti, mtu wa mwisho kuwafungia mabao mengi kuliko wenzake kwenye msimu wa ubingwa kabla ya hapo ni huyu mnayemwita mchambuzi wa TV.

Sasa wewe wa asisti. Kijana, enzi hizo hakuna aliyekuwa anahesabu asisti rasmi. Pasi ya bao ilikuwa pasi ya bao, mtangazaji anaitaja, inaisha hapo. Ukienda kwenye mitandao yenu ya takwimu ukakuta kisanduku kitupu, kisanduku kile hakimaanishi sifuri. Ana mechi 407 na mabao 108 akiwa na Liverpool. Ukitaka asisti muulize John Aldridge, mshambuliaji aliyekuwa anasimama katikati akisubiri.

Na wewe uliyeandika "mbona Ulaya hatumuoni", hili limenichoma kuliko yote. Unajua kwa nini humuoni? Klabu za Uingereza zilifungiwa mashindano ya Ulaya baada ya maafa ya uwanja wa Heysel, Ubelgiji, 1985, vurugu za mashabiki wa Liverpool zilipoua watu. Zikaruhusiwa kurudi 1990, na Liverpool wakaongezewa mwaka mmoja. Hesabu mwenyewe: amefika 1987, wamerudi 1991. Miaka yake minne mitamu yote, mlango umefungwa, kwa kosa lililotokea akiwa bado Watford. Halafu 1992 akiichezea Uingereza kule Finland, kano ya kisigino ikakatika. Aliporudi kasi haikuwepo. Hivyo nyie mnamhukumu mtu kwa mashindano aliyozuiwa kucheza. Mngekuwa mahakimu tungekwisha.

Kwenye hili la kano niseme kitu ambacho hata wazee wenzangu hawapendi kukisikia. Barnes wa baada ya 1992, yule wa kiungo cha katikati, anayegusa mara moja na kutoa, mwili umeongezeka, wengi tulimchukia. Mimi nikiwemo. Tulikuwa tunamtaka yule wa bega. Jamaa alikuwa na akili ya kutambua miguu imekataa akahamia mahali ambapo akili inatosha, na sisi tukamzomea kwa kuzeeka. Kwa hiyo lawama nyingine ni zetu. Tulichoka naye mapema, tukanyamaza, na nyie mkakuta picha ya ndizi peke yake mezani.

Na najua kuna mtu anajiandaa kuniletea 26 Mei 1989. Lete. Anfield, mechi ya mwisho ya ligi, Arsenal wanahitaji ushindi wa mabao mawili ili wachukue ubingwa, wana moja, muda umeisha. Barnes ana mpira huko mbele. Angeupeleka kwenye kibendera cha kona akaukalia, taji letu. Hakuukalia. Akataka kumpita Kevin Richardson wa Arsenal, akaporwa, mpira ukarudi kwa kipa wao Lukic, ukaenda Dixon, ukaenda Smith, ukaenda Michael Thomas, akafunga, taji likaenda Arsenal. Kaka yangu hakula siku ile. Nilimlaumu Barnes miaka mingi. Lakini fikirini: ni bega lile lile. Yule yule aliyemuibia mtu wa QPR na kwenda mwenyewe hadi kwa Seaman ndiye aliyeona Richardson amesimama mbele yake na kusema huyu napita. Hakuwa na swichi ya kuzima. Sasa hivi mna mawinga wenye swichi, wanaizima tangu dakika ya kwanza, wanaukalia mpira kwenye kona hata wakiwa wanafungwa. Hongereni.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza kuingia. Aliyesema "mzee umekunywa dawa?" nimekunywa, ndiyo maana nimeandika kwa heshima.

Anayesema mabeki wa zamani walikuwa magogo: beki wa zamani alikuwa anaruhusiwa kukupitia kutoka nyuma miguu miwili na mwamuzi anasema endelea. Uwanja wa Februari Uingereza ulikuwa tope. Mchukue winga wako wa siku hizi mweke pale nusu saa, tuongee.

Anayeuliza kwa nini namtetea kana kwamba ni ndugu yangu: si ndugu yangu. Jezi yake namba 10 ndiyo ya kwanza niliyowahi kuitamani, sikuipata.

Mkuu uliyeomba uanzie wapi: anza na QPR, halafu Forest. Maracanã iache mwisho. Na ile ya Goodison itafute mechi, usitafute picha. Subiri dakika ya 75, Beardsley anapompa kushoto. Mimi nimeirudia tena jana usiku kwenye simu, haina mistari myeupe sasa. Anauvuta mpira kidogo, anainua kichwa, anapiga. Houghton ni mfupi, na pale alikuwa peke yake kabisa, hakuhitaji hata kuruka sana.