Tupeane uzoefu: Ulimtenga jogoo mgeni siku ngapi kabla ya kumwingiza bandani?

Mwanzisha mada

Wafugaji wenzangu, nimepata jogoo mwingine, na safari hii sitaki kurudia kosa nililolifanya mara ya mwisho. Jogoo yule wa kwanza alikuja akiwa wa kupendeza: kilemba chekundu, manyoya yanayong'aa, na aliwika hata kabla hatujamfungua kamba miguuni. Nikaona hakuna haja ya kumchelewesha, nikamwachia siku hiyohiyo miongoni mwa mitetea wangu 14. Asubuhi ya siku ya tatu mtetea mmoja alikuwa na povu dogo kwenye kona ya jicho, na pumba zilikuwa zimenata puani pake kwa sababu ya kamasi. Haikupita wiki, ukisimama nje ya banda usiku ulisikia kuku wakikoroma kama watu waliochoka. Walikufa wawili tu, lakini waliobaki waliacha kutaga kwa muda mrefu.

Kilichonishangaza ni kwamba jogoo mwenyewe hakupiga chafya hata mara moja. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba kuku aliyepona baadhi ya mafua hubaki na vimelea mwilini bila dalili yoyote, kisha huwaambukiza wengine. Naomba tupeane uzoefu: ulimtenga siku ngapi, wapi, na nini kilitokea? Tafadhali simulia kisa chako mwenyewe, si ulichokisikia kwa jirani.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi huhesabu siku 30, wala si kwa kufuata mazoea tu. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kujitokeza kuanzia siku ya 2 hadi ya 15 tangu kuku aambukizwe. Ndui huchukua siku 4 hadi 10. Na mayai ya chawa huanguliwa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo kuku uliyempaka dawa siku ya kwanza anaweza kuwa na kizazi kipya cha chawa wiki inayofuata. Jogoo wangu wa mwisho nilimpaka dawa ya unga siku alipofika nikadhani nimemaliza. Siku ya 9 nilimgeuza chali, nikatenganisha manyoya ya chini ya mkia, nikaona vishada vyeupe vimeshikamana kwenye mashina ya manyoya mithili ya punje za sukari, na chawa wadogo wakikimbia ngozini. Nikarudia dawa. Kama angekuwa ameshaingia bandani, ningekuwa nawageuza kuku wote mmoja mmoja.

Mchangiaji wa pili

Ndugu, naona tunahesabu siku na kusahau miguu yetu. Mimi nilimtenga jogoo siku 28 kamili, nyuma ya nyumba, mbali na banda, na kuku wangu wakaugua wakati yeye bado yuko kifungoni. Nilitafuta chanzo kwa muda mrefu, nikilaumu upepo na ndege wa porini. Hatimaye niliketi nikamtazama mwanangu akihudumia asubuhi: alianza kwa jogoo kwa sababu ndiye aliyekuwa kivutio, akamsafishia kinyesi, akamwaga maji yaliyobaki, kisha kwa ndoo ileile na viatu vilevile akaenda kwa mitetea. Jogoo alikuwa ametengwa kweli, lakini kinyesi chake kilikuwa kinatembelea banda kila siku saa moja asubuhi.

Tangu hapo tunahudumia kuku wa zamani kwanza na mgeni mwisho, bila kurudi nyuma. Mgeni ana chombo chake cha maji, chombo chake cha chakula, ufagio wake, na jozi ya viatu visivyovuka mlango wake. Nimeweka pia karai la dawa ya kukanyagia, ila ninasugua matope na kinyesi kwanza, kwa maana dawa hupoteza nguvu inapokutana na uchafu. Ukiniuliza kipi bora kati ya siku 30 zenye ndoo moja na siku 20 zenye ndoo mbili, nitachagua ndoo mbili.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kutofautiana kidogo. Kwa magonjwa yanayojificha, kutenga hakutoshi, kwa kuwa jogoo mwenye vimelea vya mafua sugu anaweza kumaliza siku zote hizo akiwika vizuri. Ndiyo maana mimi niliacha kuleta majogoo wakubwa. Ninachukua mayai, ninamwatamishia koo wangu mwenyewe, na jogoo anakulia mikononi mwangu.

Mchangiaji wa nne

Ndugu uliyetangulia, njia ya mayai ni nzuri, lakini nayo ina tundu: baadhi ya mafua sugu na homa ya matumbo ya kuku hupita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga kupitia yai. Uliza kwanza afya ya banda lililotaga.

Kwa ugonjwa unaojificha, mimi hutumia kuku wa majaribio. Siku 14 za mwisho ninamtoa mtetea mmoja wa zamani na kumweka na mgeni, nikijua kwamba huenda nikampoteza. Ni ukatili kiasi, lakini afadhali mmoja kuliko wote. Safari moja mambo yaligeuka. Mtetea alibaki mzima, naye jogoo akaanza kuvimba uso siku ya 5. Wenye vimelea walikuwa kuku wangu, ambao walishazoeana na ugonjwa huo zamani bila mimi kujua. Tulizoea kumwona mgeni kama mshukiwa, kumbe na yeye anahitaji kulindwa dhidi yetu.

Mchangiaji wa tano

Nyongeza fupi kuhusu siku ya kutoka. Usimtupe katikati ya banda mchana. Mimi humweka nyuma ya wavu wiki nzima, waonane bila kugusana, kisha ninamwingiza usiku wakiwa wamelala kwenye fito, na asubuhi ninaweka chakula sehemu mbili. Kama una jogoo wa zamani, uwepo wewe mwenyewe alfajiri hiyo, kwa sababu kipi cha jogoo mkubwa, yaani ule mwiba wa mguuni, kinaweza kutoboa jicho.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Baada ya kusoma kisa cha ndoo nilikwenda kuangalia, nikakuta na mimi natumia kopo moja kuchotea chakula pande zote mbili. Sasa yako mawili. Leo ni siku ya 6. Kinyesi chake ni kigumu chenye ncha nyeupe, pua ni kavu, na nikipapasa kidari ninahisi nyama pande zote za mfupa. Miguu yake, hata hivyo, ina magamba yaliyoinuka, na nikiinua gamba moja kwa ukucha ninaona unga mweupe chini yake, dalili ya utitiri wa miguu. Nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaipaka mafuta mazito ili kuwaziba pumzi, na nitarudia kila baada ya siku chache.

Jana ndugu yangu aliniletea mtetea mmoja kama zawadi, na sikuwa na chumba kingine cha kumweka ila hicho cha jogoo. Kwa hiyo nimeifuta ile 6 niliyoiandika mlangoni kwa chaki, nikaandika 1.