Chalenji ya kupiga picha magari ya jeshi kwa droni, nirushie wapi nisiingie matatani?

Nyuki wa Tegeta
Wakuu habari za jioni. Tuna kigrupu chetu cha watu sita tunaopenda kurusha droni, kila mwezi tunapeana chalenji, hakuna hela hapo, anayeshika mkia anawanunulia wenzake supu basi. Mwezi uliopita ilikuwa mapaa ya makuti, sasa huu jamaa mmoja katoa "magari ya jeshi toka juu". Mimi kila siku napita kambi ya Lugalo na daladala naona malori ya kijani yanaingia na kutoka, nikawa nawaza nisimame ng'ambo ya barabara nirushe dakika mbili nishushe, kadroni kenyewe hakafiki gramu 250 na kakiwa mita 60 hukasikii. Kuna aliyewahi? Na kama nipo nje ya uzio inahesabika kweli? Picha ni za grupu tu sizipost popote.

Fundi Propela
USITHUBUTU. Nje ya uzio ndo nini wakati kamera ishaingia ndani? Kambi ni eneo lililolindwa, Sheria ya Usalama wa Taifa ipo toka 1970, hata kwa simu hupigi picha pale sembuse kitu kinachoruka. Halafu TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, wana kanuni zao za 2018, kurusha kwenyewe kunataka kibali na Wizara ya Ulinzi lazima iridhie. Hiyo gramu 250 umeitoa YouTube mkuu, hizo ni habari za Ulaya na Marekani. Hebu nijibu, utamwelezaje MP, polisi wa jeshi, kwamba ulikuwa unatafuta supu?

Mama Droni
Fundi kasema kweli. Mi siyo hata jeshi, nilikuwa napiga harusi ya ndugu yangu, upepo ukaisogeza droni juu ya jengo moja lenye ukuta mrefu sitalitaja, saa kumi na moja jioni hiyo. Nimetoka kuandika maelezo saa nane usiku na gauni la sare, droni ikabaki kwao wiki tatu, na bwana harusi mpaka leo ananidai video 😂

Chubwi
Kwani chalenji imesema gari la kweli? Soma tena. Mi nina vifaru vya plastiki vile vya kuunganisha mwenyewe, skeli ya 1/35. Chukua Tiger ya Mjerumani, ya kweli na mzinga wake ni mita 8.45, gawa kwa 35 unapata kama sentimita 24, kitu cha kubeba kwenye mfuko wa rambo. Ukirusha mita 2 juu yake ni kama upo mita 70 hewani na hakuna anayekuuliza ukiwa uani kwako. Ila kuna ujanja wake. Mchanga uchekeche kwelikweli, punje ya milimita 3 kwenye picha inakuwa jiwe la sentimita 10 na hapo ndo watu wanakushtukia. Lowesha kidogo halafu kisukume kifaru chenyewe kiache alama za minyororo, ukikiweka tu juu ya mchanga mkavu kinaonekana kimedondoshwa na ndege. Piga jua likiwa linazama, kivuli kirefu ndo kinachodanganya jicho, saa sita mchana kinaonekana toi tu. Na usishuke chini ya mita moja, hizi kamera ndogo nyingi zinapoteza fokasi. Kubwa kuliko yote ni upepo wa propela, mara ya kwanza kikosi changu chote kilipinduka bila adui, sasa hivi naweka chubwi za nyavu tumboni mwa kifaru na hapo ndo jina langu limetokea.

Mbeba Boksi UK
Tiger ya kweli ipo huku, makumbusho ya vifaru Bovington, Tiger 131, Waingereza waliiteka Tunisia 1943 na mpaka leo injini inawaka. Nilienda siku ya maonyesho droni begani nikijua nimemaliza kazi, kumbe hata huku huruhusiwi kurusha juu ya umati, na watu walijaa kama Kariakoo sikukuu. Nikafunga kamera kwenye fimbo ya mita 4 nikainyanyua. Sio droni lakini picha ipo.

Kongowea
Njooni Mombasa. Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia Rufiji 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikatolewa ikatiwa magurudumu ikakokotwa bara kupigania nchi kavu. Droni hapo waulize wenyewe kwanza, ila wapanda ukutani waupiga toka juu kwa miguu yako.

Fundi Propela
Mzinga sio gari bana

Kongowea
Una magurudumu, wavutwa. Mkokoteni si gari?

Nyuki wa Tegeta
Wakuu nimerudi. Lugalo nimeachana nayo, nimeazima Tiger na malori mawili kwa Chubwi (asante kaka, antena iliyovunjika nitalipa). Nimepigia nyuma ya nyumba kwenye mchanga wa ujenzi wa baba mwenye nyumba, saa kumi na mbili kasoro. Nimeweka kwenye grupu bila neno, jamaa aliyetoa chalenji kanipigia anapumua kwa nguvu, "we kichaa futa haraka, umepata wapi kifaru?" Nikamwambia aangalie kona ya kushoto. Kuna kuku.

Mama Droni
Kuku wa mita 14 😂😂 hiyo supu inatosha kambi nzima