Samoa ya Marekani: mbona aliyezaliwa chini ya bendera ile si raia?

Mwalimu wa Kayole

Wapendwa, hamjambo. Ninafundisha jiografia katika shule moja ya upili hapa Kayole, na juma lililopita mwanafunzi wangu alinionyesha kwenye atlasi jambo ambalo sikuweza kumweleza likaeleweka. Katika Pasifiki ya Kusini kuna nchi iitwayo Samoa, na mashariki yake kidogo kuna visiwa vilivyoandikwa Samoa ya Marekani. Aliponiuliza kama watu wa visiwa hivyo ni Wamarekani, nilimjibu kwa haraka kwamba bila shaka ni raia wa Marekani, kwa kuwa bendera inayopepea pale ni ya Marekani. Jioni nilisoma zaidi nikatambua kwamba nilikuwa nimempotosha. Anayezaliwa kule hupewa pasipoti ya Marekani, lakini ndani yake huandikwa kwamba mwenyewe ana utaifa wa Marekani na si raia wake.

Jumatatu nitasimama tena mbele ya darasa lile kusahihisha kosa langu, na nisingependa kusahihisha kosa moja kwa jingine. Naomba mwenye ujuzi anieleze visiwa hivyo viko katika hali gani, nani anavitawala, watu wake wanaishi kwa kazi gani, na hasa kwa nini wamenyimwa uraia, kama kweli wamenyimwa.

Mpimaji wa Ngara

Mwalimu, umefanya vyema kutaka kurudi kusahihisha. Nitakujibu kuhusu nchi yenyewe na namna ilivyogawanywa, kisha niwaachie wanasheria suala la uraia.

Eneo lote la nchi kavu ni kilomita za mraba zipatazo 200, yaani chini ya theluthi moja ya kaunti yetu ya Nairobi. Visiwa vitano vya volkano ndivyo vyenye watu: Tutuila, ambacho ndicho kikubwa na ndiko karibu wakazi wote waliko; Aunu'u, kilicho jirani yake; na upande wa mashariki, mwendo wa kilomita 100 hivi, Ofu, Olosega na Ta'u, ambavyo kwa pamoja huitwa Manu'a. Mlima Lata wa Ta'u unafikia mita 966. Kuna pia visiwa viwili vya matumbawe, Rose kisicho na mtu, na Swains, kilichounganishwa na eneo hilo mwaka 1925. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 49,710, nayo ile ya 2010 ilikuwa imehesabu 55,519.

Ukitaka kuelewa kwa nini Marekani ilifika pale, waonyeshe wanafunzi wako bandari ya Pago Pago. Ni shimo la volkano ya kale lililobomoka upande mmoja, bahari ikaingia ndani hadi karibu ikikate kisiwa cha Tutuila vipande viwili. Maji yake ni ya kina kirefu, na milima inaikinga bandari dhidi ya upepo. Katika karne ya 19, meli za mvuke zilipohitaji vituo vya makaa ya mawe katikati ya bahari kuu, bandari ya namna hiyo iligombewa na mataifa makubwa. Ujerumani, Uingereza na Marekani zilivutana juu ya Samoa yote hadi mkataba wa mwaka 1899, ambao uliipa Ujerumani visiwa vya magharibi na Marekani vile vya mashariki, Uingereza ikajitoa kwa kufidiwa kwingine. Wasamoa hawakuketi kwenye meza ile. Tarehe 17 Aprili 1900 machifu wa Tutuila walitia saini hati ya kukabidhi kisiwa chao, na Manu'a ikafuata mwaka 1904. Bunge la Marekani lilichukua hadi mwaka 1929 kuziidhinisha hati hizo.

Upande wa magharibi ulipita mikononi mwa New Zealand wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ukapata uhuru mwaka 1962, na ndiyo Samoa uliyoiona. Watu ni wale wale, lugha ni moja, na ndugu wa ukoo mmoja wako pande zote mbili. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliwaonyesha kwa uchungu maana ya mpaka huo. Upande wa Marekani, Gavana John Martin Poyer alifunga bandari na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo, ilhali upande wa magharibi meli iliruhusiwa kushusha abiria wagonjwa, na takriban mtu mmoja kati ya kila watano akafariki.

Darasani huenda wakapendezwa zaidi na mfano wa saa. Mwishoni mwa mwaka 2011 nchi ya Samoa iliruka siku nzima, tarehe 30 Desemba, ili iwe upande mmoja wa mstari wa tarehe na Australia na New Zealand inazofanya nazo biashara. Samoa ya Marekani haikuhama. Kwa hiyo utakapoanza kipindi chako saa nne asubuhi Jumatatu hapa Nairobi, Apia, mji mkuu wa Samoa, itakuwa saa mbili usiku wa Jumatatu, na Pago Pago, iliyo safari fupi tu ya ndege, itakuwa saa mbili usiku wa Jumapili.

Wakili Mwanamisi

Namshukuru Mpimaji. Mwalimu, neno ninaloomba ulitafakari kabla ya Jumatatu ni lile la mwisho katika swali lako: kunyimwa. Wako wanaosema wamenyimwa, na wako Wasamoa wengi wanaosema hawautaki uraia unaoamriwa na mahakama.

Katiba ya Marekani husema kwamba aliyezaliwa ndani ya Marekani ni raia. Kuanzia mwaka 1901 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa mfululizo wa hukumu zilizotenga maeneo ya visiwani, zikisema kwamba eneo laweza kuwa mali ya Marekani bila kuwa sehemu yake kamili. Baadhi ya maneno yaliyoandikwa katika hukumu hizo yalikuwa ya ubaguzi wa rangi wa wazi, na mimi naona ni aibu kwamba bado zinategemewa. Baadaye Bunge lilitunga sheria za kuwapa uraia watu wa Puerto Rico, Guam na maeneo mengine, lakini wa Samoa ya Marekani pekee hawakutungiwa. Msamoa anaweza kuishi na kufanya kazi popote Marekani na kuingia jeshini, na wengi mno huingia. Lakini hata akihamia jimboni hawezi kumpigia rais kura mpaka aombe uraia, alipe ada na afanye mtihani kama mgeni.

Wengine wameishtaki serikali kwa sababu hiyo. Kesi ya Tuaua ilishindwa katika mahakama ya rufaa mwaka 2015. Ile ya Fitisemanu, iliyoletwa na Wasamoa waishio Utah, ilishinda mwaka 2019, ikapinduliwa katika rufaa mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza mwaka 2022. Katika kesi hizo zote, serikali ya Samoa ya Marekani ilisimama upande wa kupinga.

Sababu yao ni ardhi. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya visiwa hivyo ni ya koo. Ukoo huitwa aiga, na mkuu wake, matai, huchaguliwa na wanaukoo wenyewe ili ashike mamlaka juu ya ardhi hiyo kwa niaba yao. Sheria inazuia ardhi kuhamishiwa mtu ambaye hana angalau nusu ya damu ya Kisamoa. Seneti ya bunge lao, liitwalo Fono, ina maseneta 18 ambao lazima wawe matai, nao huchaguliwa na mabaraza ya kaunti kwa desturi, wala si kwa kura ya wananchi wote. Baraza la Wawakilishi ndilo linalopigiwa kura, likiwa na viti 20 pamoja na mjumbe wa Swains asiye na kura. Sasa, katiba inayokataza kubagua watu kwa asili yao ikitumika pale kikamilifu, sheria ya ardhi na Seneti ya matai vyote viwili vinaweza kupingwa mahakamani. Mwaka 1980 mahakama kuu ya visiwa hivyo iliamua kwamba vizuizi vya ardhi ni halali kwa kuwa vinalinda utamaduni wao, lakini hakuna anayeweza kuwahakikishia kwamba majaji wa Washington wangeamua vivyo hivyo.

Hofu hiyo naiheshimu, maana tunaijua. Katika mwaka ule ule wa 1904 ambao Manu'a ilikabidhiwa, Wamaasai walitia alama kwenye makubaliano ya ardhi na Waingereza yaliyosema kwamba yangedumu muda wote watakapokuwapo. Yalidumu miaka saba tu. Lakini haifai kusahau kwamba ulinzi wa Wasamoa umesimama juu ya udhaifu wao wenyewe. Hadi mwaka 1951 walitawaliwa na Jeshi la Wanamaji. Tangu hapo wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani (kule ni wizara ya ardhi na maliasili, isichanganywe na yetu inayosimamia usalama), na Waziri huyo ndiye hadi leo anayemteua Jaji Mkuu wao. Wana katiba tangu mwaka 1960, iliyorekebishwa 1967, na gavana wa kwanza waliyemchagua wenyewe, Peter Tali Coleman, alianza kazi mwaka 1978. Washingtoni wana mjumbe mmoja asiyepiga kura ya mwisho bungeni.

Mwalimu wa Kayole

Nimesoma majibu yote mawili zaidi ya mara moja, na ninawashukuru kwa dhati. Linalonisumbua sasa ni riziki. Shangazi zangu wa Kajiado waliuza sehemu zao baada ya ranchi ya kikundi kugawanywa, si kwa kuwa hawakuipenda ardhi, bali kwa kuwa karo ilihitajika. Wasamoa hawawezi kuuza, je, wanaishije?

Mama Zawadi, Athi River

Mwalimu, kwa hilo nina la kusema, kwa kuwa nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo huku Athi River, na habari za Pago Pago nilizifuatilia nikiona zinafanana na zetu.

Wanaishi kwa kazi za serikali, ambazo sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Washington, kwa fedha za jamaa walio jeshini na majimboni, na kwa jodari. Kiwanda cha kwanza cha kutia jodari kwenye makopo kilianza katika miaka ya 1950, na cha StarKist kikafuata mwaka 1963. Samaki wa makopo kutoka pale huingia Marekani bila ushuru, na meli za uvuvi za kigeni huruhusiwa kushusha samaki moja kwa moja Pago Pago, jambo zisiloruhusiwa kufanya katika bandari za majimbo. Nguo tunazoshona sisi zilipata soko kwa njia kama hiyo, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA. Uchumi wa namna hiyo humfanya mfanyakazi aamke kila siku akiwaza kikao cha bunge la watu wengine.

Mwaka 2007 Bunge la Marekani liliamuru mshahara wa chini uongezwe kwa hatua. Viwandani ulikuwa dola 3.26 kwa saa. Nyongeza ilikuwa ya haki, kwa maana bei za dukani zilikuwa za bidhaa zilizosafirishwa mbali. Lakini wenye kiwanda kimoja kati ya viwili walitangaza kwamba wangefunga na kuhamishia kazi jimbo la Georgia. Tarehe 29 Septemba 2009, siku moja kabla ya kufungwa, tetemeko lilileta tsunami iliyoua watu 34 katika visiwa hivyo. Kesho yake kiwanda kilifungwa kama kilivyopangwa, na watu wapatao 2,000 wakakosa kazi. Kiwanda kingine kipya kilifunguliwa mwaka 2015 kikafungwa mwishoni mwa 2016. Ndiyo maana idadi ya watu aliyoitaja Mpimaji imeshuka: ukiwa na pasipoti ile, hata bila uraia, nauli ya Hawaii ndiyo inayobaki.

Na baadhi ya hao waliopoteza kazi walirudi kwenye ardhi ya ukoo, wakalima majimbi na ndizi, wala hapakuwa na mwenye nyumba wa kuwadai kodi. Hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Wakili Mwanamisi

Mama Zawadi amenikumbusha jambo la kumjibu Mwalimu. Kutouza si kwamba ardhi haiwezi kuleta fedha, kwa kuwa kukodisha kunaruhusiwa. Bunge la Marekani lilipoamua mwaka 1988 kuanzisha hifadhi ya taifa pale, serikali kuu yenyewe haikuweza kuinunua ardhi. Ilibidi kujadiliana na vijiji, na mwaka 1993 ukatiwa saini mkataba wa kukodi kwa miaka 50. Vijiji vinalipwa kodi, na wanavijiji wanaendelea kulima mashamba yao ya desturi ndani ya mipaka ya hifadhi.