MJADALA: Mwalimu aliyewafundisha watoto takioni kakosea wapi?

Wakuu wa Kusini, hapa Mtwara mjini kuna ubishi hauishi. Mwalimu wa fizikia kawaambia kidato cha nne kuwa huenda zipo chembe zinazoupita mwanga, ziitwazo takioni. Mzazi mmoja kaja juu: kilomita 300,000 kwa sekunde ndiyo mwisho, haya mengine ya nini? Kijiwe kizima kiko na mzazi. Mimi niko na mwalimu, ingawa takioni zenyewe siziamini.

Hesabu za Einstein za 1905 zinasema chenye tungamo, ukikisukuma kiufikie mwanga, kitadai nishati isiyo na kikomo. Kwa hiyo mpaka hauvukiki. Mwaka 1962 wanafizikia Bilaniuk, Deshpande na Sudarshan wakauliza: na kilichokuwa ng'ambo tangu mwanzo je? Gerald Feinberg akakipa jina la takioni mwaka 1967. Chenyewe kikipoteza nishati ndiyo kwanza kinazidi mbio, na huku kwetu hakivuki.

Wa Masasi: Hapo umeruka kitu, mkuu. Tungamo la hiyo takioni ni mzizi wa namba hasi. Utalipima kwa mizani gani? Halafu 2011 si tuliambiwa nyutrino, chembe ndogo mno, zimetoka maabara ya CERN, Uswisi, hadi ile ya Gran Sasso, Italia, kilomita 730, zikauwahi mwanga kwa nanosekunde 60? Kumbe waya wa mkongo wa mitambo yao ya kupimia muda haukukazwa vizuri! Watoto wabaki na silabasi.

Mtoa mada: Waya huo unanibeba mimi. Wale wanasayansi walianika vipimo vyao wakaguliwe, na 2012 wenzao wa jaribio la ICARUS, palepale Gran Sasso, wakapima upya wakakuta nyutrino haziupiti mwanga. Mtoto akishalijua hilo, hadanganyiki na kila video ya simu.

Wa Nachingwea: Mizani hainisumbui, kinachonisumbua ni korosho. Tuseme mnada uko Newala. Bei ikitoka tu, mtu anaituma kwa takioni kwa mwenzake aliye kwenye chombo kinachoondoka kwa kasi kubwa mno, naye anairudisha kwa takioni. Kwa hesabu hizohizo za Einstein, takioni zikiwa na kasi ya kutosha, bei inarudi Newala kabla mnada haujafunguliwa. Wakulima wanaiona ndogo, wanagoma, mnada haufanyiki. Sasa bei ile ilitoka wapi?

Mtoa mada: Ndiyo sababu siziamini. Lakini swali hilo, mwalimu asingetaja takioni, nani darasani angeliuliza?

Wa Lindi: Mmenogewa. Necta mtoto ajibu nini?

Mtoa mada: Aandike mwanga ndio mwisho, na asisahau "katika ombwe", yaani pasipo kitu, hata hewa. Majini mwanga hushuka hadi robo tatu hivi ya kasi yake, na elektroni huupita kweli. Ule mwanga wa buluu kwenye maji ya vinu vya nyuklia ndio alama yake. Mwambieni na yule mzazi.