Mgombea binafsi wa urais: akiruhusiwa, adhaminiwe na wangapi?

Mzee wa Rasimu:
Wakuu, nina swali moja, naomba lijibiwe hilohilo. Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishaamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Rasimu ya Katiba ya tume ya Warioba ilimruhusu mgombea huru, na hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 haikumfuta. Tuseme kesho ameruhusiwa. Sheria inataka wadhamini 200 kwa kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, angalau miwili iwe ya Zanzibar. Kwa mtu asiye na chama wanatosha, au waongezwe? Maana sasa hivi mwenye hamu ya urais anaishia kuazima kimojawapo cha vyama vya mfukoni, uchaguzi ukiisha anakirudisha kwa mwenyewe.

Kisiki cha Mpingo:
Mzee, vyama vya mfukoni ndiyo vipi hivyo? Mimi ni katibu kata wa chama mnachokiita kidogo. 2020 nilizunguka na fomu za wadhamini kwa mguu, jua la Agosti, sijalipwa hata nauli. Ukimwomba mtu namba ya kadi yake ya mpiga kura anakuuliza mkopo unatoka lini. Mwingine anasaini, jioni anakufuata umfute, mjumbe kamwona. Leo unaniambia nimo mfukoni mwa mtu?

Gamba Jipya:
Katibu kata wa chama ambacho wanachama wake wote wanaenea kwenye bajaji moja, na dereva ni CCM 😂

Wakili wa Chokaa:
Tuache utani kidogo. Idadi ya wadhamini ni jambo dogo. Rais anamteua Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi, na Bunge lazima limthibitishe. Rais huru asiye na mbunge hata mmoja ataongoza na nani? Na mgombea mwenza, ambaye sharti atoke upande wa pili wa Muungano, leo anapendekezwa na chama kilekile. Kwa mgombea huru atapendekezwa na nani? Hapo ndipo penye kazi.

Kisiki cha Mpingo:
Wakili nitakujibu, ngoja nimalizane na huyu wa bajaji. Kadi yangu naichangia mwenyewe kila mwaka. Wewe ya kwako umelipiwa na nani?

Binti Sengerema:
Jamani hili si geni. Mchungaji Mtikila alishinda Mahakama ya Rufani, 2008 kama sijakosea, halafu Mkapa akapeleka muswada bungeni ukafutwa ushindi.

Wakili wa Chokaa:
Dada, umezichanganya kesi mbili. Ya kwanza alishinda Mahakama Kuu 1994 mbele ya Jaji Lugakingira, na mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba. Rais alikuwa Mzee Mwinyi. Akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa tena ushindi 2006. Rufani ndiyo iliyoutengua, Juni 2010: majaji saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Ramadhani, wakasema hilo ni la Bunge. Ndipo wakaenda Arusha, yeye, Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Binti Sengerema:
Ahsante kaka. Na si Ramadhani huyohuyo aliyechukua fomu ya urais 2015 kupitia CCM? Mungu amrehemu, ila hapo nilicheka.

Gamba Jipya:
Alifuata sheria. Tatizo liko wapi?

Jirani wa Nakuru:
Watani, hii kitu sisi tulimaliza na Katiba ya 2010. Mgombea huru wa urais anakuja na sahihi 2,000 kutoka kila kaunti, kaunti 24 kati ya 47. Hiyo ni 48,000. Nyinyi mikoa kumi mara 200 ni 2,000 peke yake, na bado mnaogopa?

Gamba Jipya:
Mlimaliza nini? 2022 kwenye karatasi yenu walikuwa wanne, wote wa vyama. Reuben Kigame, aliyetaka kusimama huru, alienda mpaka mahakamani na jina lake halikuonekana. 2017 mlikuwa na watatu huru, Nyagah na wenzake, wote kwa pamoja hawakufika asilimia moja.

Jirani wa Nakuru:
Hawakupata kura, sawa. Lakini walikuwa kwenye karatasi! Mwananchi ndiye aliyewakataa, sio ibara. Na Kigame nilimsainia mimi mwenyewe, kitambulisho nikatoa kopi, kwa hivyo usinieleze.

Mzee wa Rasimu:
Naomba turudi kwenye 200. Zibaki au ziongezwe?

Kisiki cha Mpingo:
Kwanza futa neno mfukoni.

Mzee wa Rasimu:
Sifuti. Mrema 1995 alitoka CCM akaenda NCCR-Mageuzi, Lowassa 2015 akaenda CHADEMA, Membe 2020 akaenda ACT. Chama kilimgeuka Membe kabla ya kura, viongozi wakasema wanamuunga mkono Lissu wa CHADEMA. Angeruhusiwa kusimama mwenyewe, aibu ile ingetoka wapi?

Kisiki cha Mpingo:
Sasa CHADEMA nayo ni ya mfukoni? Mzee, uliowataja wote walitoka chama kimoja kikubwa. Waliotuazima ndio wabaya, sisi tumeazimwa tu.

Binti Sengerema:
Kwa hiyo umekubali mnaazimwa 😅

Gamba Jipya:
Hahaha kajimaliza mwenyewe.

Wakili wa Chokaa:
Waziri Mkuu, ndugu zangu. Hakuna aliyenijibu.

Kisiki cha Mpingo:
Wakili subiri! Nimesema "tumeazimwa" kwa maana ya… Gamba, wewe unacheka nini? Nyinyi CCM mngekuwa na uhakika wa watu wenu msingeogopa mtu mmoja asiye na bendera wala ofisi.

Gamba Jipya:
Kata yako ilimpa mgombea wenu wa urais kura ngapi 2020? Taja namba tu.

Kisiki cha Mpingo:
Kura ni siri.

Binti Sengerema:
Kura ni siri katibu, jumla hubandikwa ukutani.