Picha za Tingatinga: mali kauli, meza yako au Instagram, wapi kuna hela?

mchora_chui: Wakuu habari za jioni. Nachora Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, kazi ninayo, hela siioni. Nina njia tatu: nipeleke mali kauli maduka ya Stone Town, nikodi meza yangu, au nikomae na Insta. Mliopita huku nipeni ukweli.

fundi_mwenge: Mali kauli itakutesa kaka. Unaiacha picha kwa elfu 40, mwenye duka anauza kwa bei anayoijua yeye, we unalipwa ikishatoka, na ikifika masika Aprili na Mei watalii hamna, picha zinapigwa vumbi ukutani na rangi ulinunua kwa hela yako. Ukilazimika, andikishianeni idadi, bei na tarehe ya kuja kuhesabu.

BintiForodhani: Mi nina meza. Mgeni akikukuta unachora anakaa, anauliza, hakubani sana kwenye bei. Ila kodi ipo, na papasi, yule dalali wa mtaani wa watalii, akikuletea mtu anataka chake, kwa hiyo bei iwe na nafasi. Na chora ndogo jamani!! Mtu ana begi la ndege, huyo chui wa mita nzima atamsifia tu aende zake

oda_kwanza: Insta inalipa ila sio leo wala kesho. Oda zangu nyingi ni za watu walionunua kadogo wakiwa likizo, wakirudi kwao Ujerumani wanataka kubwa ya sebuleni. Nachukua nusu kabla sijashika brashi. Na tumia kitambaa, mzee Edward Tingatinga alipoanza 1968 alichorea ubao, ubao kuusafirisha ni gharama, kitambaa unaviringisha unatuma kwa EMS ya posta. LAKINI rangi zetu za mafuta zinakauka juu ndani bado mbichi, ukiviringisha mapema inafika imegandana na hela unarudisha.

mchora_chui: Unaiacha siku ngapi mkuu?

oda_kwanza: Inategemea na hali ya hewa. Bonyeza kwa kucha pale rangi ilipo nene, ikibonyea iache. Ukiviringisha, upande wenye rangi uwe nje.

mchora_chui: Asanteni sana. Basi naanza na meza, tuchange kodi na wenzangu wawili, Insta taratibu.

BintiForodhani: Hapo sawa. Kila picha iandike namba ya WhatsApp nyuma, kwenye kitambaa chenyewe, stika inabanduka. Oda ya sebuleni itakutafuta kwa namba hiyo.