Mjadala: Kosa dogo, mtu alale ndani kwa nini?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tulijadili hili bila kutiana vyama.

Kisiwani kwetu kamata ya Ijumaa inajulikana. Mtu anadaiwa pesa ya mikarafuu aliyokodi, au mbuzi wake kaingia shamba la jirani, au wametukanana kwenye foleni ya bomba. Saa kumi jioni askari hao, "twende kituoni mara moja." Mahakama imeshafungwa. Jamaa wanahangaika kutafuta barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ili wamdhamini, sheha mwenyewe yuko mazikoni Micheweni. Jumatatu ikifika, shauri halipo tena: mkewe kauza bangili zake Jumamosi, mlalamikaji kalipwa. Lokapu imetumika kudai deni. Mimi naiita dhulma.

Nataka mambo mawili. Kwanza, kwa makosa madogo askari atoe wito wa maandishi, na akiona lazima akamate, aandike sababu. Pili, mwenye hofu ya kweli ya kukamatwa aweze kwenda Mahakama Kuu kuomba dhamana kabla hajashikwa. India wanayo dhamana hiyo katika sheria yao tangu 1974, na mwaka 2014, katika shauri la Arnesh Kumar, Mahakama ya Juu ilisema kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 7 halimpi polisi ruhusa ya kukamata hivi hivi tu. Kenya, Katiba ya 2010 inakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6.

Msiniambie polisi ni jambo la Muungano. Namna ya kukamata na kudhamini imo katika Sheria ya Mwenendo wa Jinai, namba 7 ya 2018, na hiyo imepitishwa na Baraza la Wawakilishi letu wenyewe.

Mama wa Mkoani:
Kaka, bangili za huyo mke zimenichoma, lakini nitazame na mimi. Mwanamke kapigwa, katoka spitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mkononi. Kwenye daftari inaandikwa shambulio la kawaida, kosa dogo hilo. Mume anapewa karatasi ya wito, anarudi nayo nyumbani. Usiku ule mwanamke alale wapi? Na hiyo dhamana ya Mahakama Kuu ni ya mwenye wakili. Muuza urojo atamlipa wakili kwa kipi?

Mleta mada:
Dada yangu, umenishika pazuri. Hata shauri hilo la India lilimhusu mume aliyelalamikiwa na mkewe kwa mambo ya mahari (kule hudaiwa upande wa mke), kwa hiyo hofu yako ina msingi. Ila mahakama haikukataza kukamata. Askari anaweza kumshika mtu ili asirudie kosa, asiharibu ushahidi, asitishe mashahidi. Mume anayepiga, sababu yake inaandikika kwa mstari mmoja. Mwenye mbuzi, askari ataandika nini? Kuhusu wakili sikupingi hata kidogo, na ndiyo maana wito naupa uzito kuliko hiyo dhamana. Wito hauna ada.

Askari mstaafu, Wete:
Vijana, mnasema kama kwamba kila askari anakamata kwa kupenda. Hapa jahazi la Tanga linaondoka usiku. Mpe mtu wito leo, kesho yuko bara, na mlalamikaji anakuja kunililia mimi. Siku nyingine tulimchukua mtu ili watu wasimuue kwa kipigo, na hilo hamlitaji. Sababu ziandikwe, sawa. Nani atazisoma?

Mleta mada:
Azisome hakimu, mzee wangu. Kule India askari anayekiuka anawajibishwa kazini, na hakimu anayemweka mtu rumande bila kuandika sababu naye anawajibishwa na Mahakama Kuu. Bila ya hilo ni karatasi tu, nakubali.

Askari mstaafu, Wete:
Hapo tunaanza kuelewana. Lakini kabla ya kungoja Baraza, dhamana ya kituoni itolewe Jumamosi na Jumapili kama siku nyingine, na mwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi asidaiwe barua ya sheha. Mkuu wa kituo akitaka, hilo linaanza wiki hii.